UZI: Reli ya West Clare, Ireland – ilifungwaje, iling'olewaje, na kwa nini hairudi

#1 Taruma_Bovu (mleta mada)

Wakuu, kila reli za Ireland zikitajwa humu lazima atokee mtu wa kusema West Clare iling'olewa haraka "ili ushahidi upotee". Kujibu vipande vipande kunachosha, nafungua uzi.

Kwa wasioijua: ni reli ya geji (upana kati ya reli mbili) ya futi 3 (mm 914) iliyoanzia Ennis, Kaunti ya Clare, magharibi mwa Ireland. Ilipanda Corofin na Ennistymon, ikakutana na bahari Lahinch, ikashuka na pwani kupitia Miltown Malbay, Quilty na Doonbeg hadi Moyasta. Pale ikagawanyika kama panda ya manati: mkono mmoja Kilkee, mwingine Kilrush. Ennis hadi Miltown Malbay ilifunguliwa Julai 1887, sehemu iliyobaki 1892. Jumla takribani maili 53, yaani km 85. Treni ya mwisho ilipita 31 Januari 1961, na kesho yake kazi ya kung'oa ikaanza.

Hoja yangu naiweka mezani mapema, wa kunipiga mawe mjipange: kung'oa chuma siko kulikoiua. Chuma kinarudishwa. Kisichorudi ni ukanda wa ardhi ukishauzwa kipande kwa kipande.

Tuanze na linaloshangaza wengi: ilifungwa ikiwa na vyombo vipya. Mwaka 1952 CIÉ, shirika la usafiri la taifa, ilileta mabehewa manne ya dizeli yanayojiendesha, na 1955 vichwa vitatu vya dizeli, F501 hadi F503. Vyote ni kazi ya Walker Brothers wa Wigan, Uingereza. Mvuke ukaondoka kabisa. Hakuna reli nyingine ya geji nyembamba Ireland iliyofikia hatua hiyo. Miaka sita baadaye, kufuli.

Sababu ni kwamba dizeli inapunguza gharama ya *treni*: makaa, maji, mtu wa kuamsha moto usiku wa manane. Haipunguzi gharama ya *njia*. Gengi (vikundi vya wafanyakazi wa njia) za kukaza misumari kwenye km 85 zipo palepale, watunza mageti wapo, mataruma (mbao zinazolala chini ya reli) yanaoza kwa mvua ya Atlantiki treni ipite isipite.

Halafu tazama ramani. Ennis hadi Kilrush kwa barabara ni takribani km 43. Kwa reli ni zaidi ya 70, kwa sababu inazunguka pwani yote. Basi na lori hazikuhitaji hila yoyote.

Na pale Ennis geji zinabadilika. Njia kuu za Ireland ni mm 1,600. Kila gunia lililotoka pwani lilishushwa kwenye behewa dogo likapakiwa kubwa. Hesabu mizigo inavyoshikwa: mkokoteni wa mkulima, behewa dogo, behewa kubwa, mkokoteni wa mwisho. Lori linapakia mlangoni na kushusha mlangoni. Kila kushika ni mshahara, na kila kushika kuna kitu kinavunjika.

#2 Geji914

Mkuu umeeleza vizuri ila umeruka sheria, na bila sheria hutaelewa kasi.

Kabla ya 1958 CIÉ haikuweza kufunga njia kwa kujiamulia. Ililazimika kupeleka maombi kwenye baraza maalumu la usafiri. Mwaka 1957 kamati iliyoongozwa na J.P. Beddy ikapendekeza mtandao upunguzwe kwa zaidi ya nusu. Ikafuata Sheria ya Usafiri ya 1958: CIÉ ikiridhika kwamba huduma haina dalili ya kujilipa ndani ya muda wa kuridhisha, inatoa tangazo la miezi miwili na kufunga. Baraza likawa halina kazi. Shirika lenyewe likapewa takribani miaka mitano lijitegemee, chini ya mwenyekiti C.S. Andrews.

Sasa angalia mfululizo wa njia zilizofungwa: Harcourt Street ya Dublin mwisho wa 1958, Valentia Harbour na Kenmare kule Kerry 1 Februari 1960, West Clare 31 Januari 1961, West Cork yote mwisho wa Machi 1961. West Clare ilitangaziwa Septemba 1960. Hasara iliyotajwa ni kama pauni 23,000 kwa mwaka. Shirika lenye tarehe ya mwisho ya kuacha kupata hasara haliwezi kulea njia ya namna hiyo.

#3 Kiberenge

Kuna watu wanadhani kung'oa ni kufika na mitaimbo na kuanza. Kuna kazi ya kabla, na ikirukwa mnajifungia wenyewe porini.

Kwanza, mabehewa. Kila behewa lililo kwenye njia za pembeni za stesheni livutwe kabla reli ya kwanza haijafunguliwa. Behewa moja bovu likisahaulika upande wa pili wa pengo, litakatwakatwa kwa gesi hapohapo, kwa gharama inayozidi bei ya chuma chake.

Pili, ruhusa ya njia. Njia moja ya namna hii huendeshwa kwa fimbo: dereva asiye na fimbo ya kipande hicho haingii. Siku huduma inapokoma, mashine za fimbo zinatolewa na njia nzima inakuwa eneo la kazi chini ya mtu mmoja. Treni ya kung'oa ni moja tu. Mkiruhusu mbili bila utaratibu, mtagonganisha treni kwenye reli iliyokufa, na hiyo imetokea sehemu nyingi duniani.

Tatu, waya za simu na telegrafu. Shaba itoke mapema, maana usiposhusha wewe kuna atakayeshusha. Ila acha jozi moja ya waya hai kati ya mnapong'oa na stesheni yenye watu hadi dakika ya mwisho. Kwenye mbuga za tope za Clare mwaka 1961 huna njia nyingine ya kuita msaada.

Mabehewa na vichwa navyo vina tatizo lake: nani atanunua geji ya 914? Bord na Móna, shirika lililokuwa likichimba mboji (tope la mimea linalokaushwa na kuchomwa kama kuni), lilitumia geji hiyohiyo, lakini reli zake zilikuwa nyepesi mno kwa vichwa vya uzito huo. Isle of Man wana 914, nao walinunua mabehewa mawili ya dizeli ya reli ya Donegal mwaka 1961. Soko zaidi ya hapo hakuna.

#4 Mtaimbo

Hesabu hizi hapa, wanaopenda namba. Nachukua reli ya ratili 50 kwa yadi, uzito wa kawaida kwa geji nyembamba za Ireland, yaani kama kg 24.8 kwa mita, vipande vya futi 30 (m 9.14), mataruma 11 kwa kila urefu wa reli.

Kilomita moja ya njia:
- vipande vya reli 219, jumla karibu tani 50
- fishipleti 438 (vile vibamba vinavyobana maungio, viwili kwa kila ungio)
- bolti 876
- mataruma kama 1,200
- misumari ya reli isiyopungua 4,800

Zidisha kwa 85: karibu tani 4,200 za reli na mataruma zaidi ya laki moja, kabla hujagusa njia za pembeni.

Kazi yenyewe. Siku mbili tatu kabla, mtu anatangulia na mkebe wa mafuta na brashi, anapaka kila nati. Chumvi ya bahari kuanzia Lahinch kushuka inagandisha nati kama zimechomelewa. Siku ya kazi unajaribu spana ndefu kwanza. Nati ikigoma, mmoja anashika tindo, mwingine nyundo ya ratili 7, mnaipasua nati ubavuni. Gesi ni ya mwisho, na ukiitumia kata *kichwa cha bolti*, usikate reli. Reli iliyokatwa kwa moto inakuwa ngumu na yenye nyufa ndogo mwishoni. Kama inakwenda kutumika kwingine, utalazimika kukata tena kwa msumeno na kutoboa mashimo upya.

Misumari inang'olewa kwa mtaimbo wenye makucha. Usivute mara moja: inua sentimita mbili, sogeza kizuizi cha mbao chini ya mtaimbo, vuta tena. Ukilazimisha, kichwa cha msumari kinakatika na shina linabaki ndani, taruma hilo limeshapoteza bei.

Kipande kimoja cha reli ni kg 227. Watu wanane wenye koleo za kubebea, kila mmoja kama kg 28, wanakipandisha kwenye behewa kwa mbao mbili za kupandishia. Wote wasimame upande mmoja wa reli. Msimamizi anaita, wanatupa kwa pamoja. Anayechelewa kuachia ndiye anayeumia, na mara nyingi ni kidole, si mguu.

#5 Stesheni_Masta

Mtaimbo swali: kwa nini waanzie mwisho wa njia? Si wangeanza Ennis penye kreni na watu?

#6 Mtaimbo

Kwa sababu treni inayobeba ulichong'oa inasimama juu ya reli ambayo hujang'oa. Ukianza Ennis umekata tawi ulilokalia. Njia yenye umbo la panda inang'olewa mkono mmoja hadi njia panda, unarudi mkono wa pili, kisha shina lote kurudi nyuma kuelekea makutano. Treni inarudi nyuma kidogokidogo, behewa tupu ndilo lililo karibu na pengo, kichwa kipo upande wa nyumbani.

Nyongeza muhimu kuhusu kona. Reli nyepesi kwenye kona nyingi haikukunjwa kiwandani; ilipindwa kwa nguvu za gengi siku ya kutandika na kushikiliwa na misumari. Miaka 70 baadaye bado inataka kunyooka. Ukifungua fishipleti kisha ukang'oa misumari ya nje, ncha iliyo huru inaruka kuelekea nje ya kona kama upinde. Mguu uliopo hapo unavunjika. Kwa hiyo wote wanakaa upande wa *ndani* wa kona, misumari ya nje karibu na ncha inaachwa hadi mwisho, na inatolewa kwa mtaimbo mrefu. Wageni wa kazi wanaogopa uzito wa reli. Wenyeji wanaogopa kona.

#7 Fundi_Kalavati

Mnaongelea chuma tu kama kawaida yenu. Madhara ya kung'oa hayaonekani siku ile, yanaonekana baridi ya tatu.

Tuta la reli ni ukuta uliokatiza mashamba. Maji yanavuka kwa sababu kuna makalavati, na makalavati yanapumua kwa sababu gengi inapita kila wiki na sepetu. Gengi ikiondoka, majani na matope yanaziba mdomo wa juu, maji yanasimama upande wa kilima, shamba linageuka bwawa. Mkulima anapasua tuta apate pa kupitishia maji. Sasa jirani wa chini ndiye anayefurika. Kabla ya kukabidhi njia, kila kalavati lisafishwe, liandikwe kwenye ramani kwa namba, na mnunuzi wa ardhi asaini kwamba utunzaji ni wake. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, kisha watu wanasumbuana miaka 30.

Kwenye tope la mboji hali ni nyingine. Huko njia haijakaa juu ya udongo, inaelea juu ya matandiko ya matawi na fito. Behewa la kung'oa lipakie nusu tu, na usiegeshe usiku kucha. Ukishaondoa mataruma, kile kilichokuwa kinasambaza uzito hakipo, kwa hiyo usifikiri utarudi na lori kuchukua ulichoacha. Kila kitu kitoke kwa reli, siku ileile.

Madaraja: ya chuma yanauzwa kwa uzito, nguzo zake za mawe zinabaki. Ya mawe yanayobeba barabara juu ya reli hayaguswi, maana barabara inayahitaji. Yale ya mawe yaliyobeba reli yanaachwa kwa kuwa kuyabomoa ni gharama bila faida. Ndiyo maana hadi leo ukizunguka Clare unaona nguzo mbili za mawe zimesimama kando ya mto hazina kitu juu.

Vivuko vya barabara: usikate reli usawa wa lami ukafukia. Toa mataruma yote yaliyo chini, jaza kifusi cha mawe kwa tabaka, shindilia, kisha lami. Wanaoacha mbao chini hupata shimo barabarani zikishaoza.

#8 Kokoto

Fundi Kalavati, na uzio? Watu wanasahau kwamba kwa sheria ya 1845 kampuni ya reli ndiyo yenye wajibu wa kuweka uzio kati ya njia na mashamba. Siku mkulima ananunua kipande chake cha tuta, wajibu huo unahamia kwake, na ng'ombe hawasomi mikataba.

#9 Geji914

Narudi kwa mleta mada. Unasema kung'oa si kosa. Mimi sikubali moja kwa moja. Gengi kuingia kesho yake ni ujumbe: msijisumbue kudai. Njia yenye reli hata ikiwa na kutu ina watetezi. Mfano Claremorris hadi Collooney, ilifungwa 1975 na reli zikaachwa zimelala kwenye vichaka kwa miongo. Hadi leo watu wanaidai. West Clare nani anadai treni ya kawaida irudi?

#10 Taruma_Bovu

Geji914, umenipa mpira mguuni. Simama Ennis palepale, kuna mfano mzuri kuliko wa Collooney.

Kutoka stesheni ileile ya Ennis inatoka njia ya pili, ya geji pana, kwenda Athenry. Treni za kawaida za abiria zilikoma 1976. Ikabaki na mizigo ya hapa na pale, kutu na vichaka. Mwaka 2010 ikafunguliwa tena kwa abiria. Unajua walifanya nini na zile reli za zamani? Walizitoa! Njia ikatandikwa upya kwa gharama ya zaidi ya euro milioni 100. Reli zilizolindwa miaka yote hiyo hazikubeba hata abiria mmoja wa 2010.

Kilichookoa njia ile ni kwamba ardhi haikuuzwa. Ukanda mmoja, mmiliki mmoja, ramani moja. Cork hadi Midleton ni hadithi hiyohiyo: abiria walikoma 1963, njia ikarudi 2009.

West Clare kinyume chake. Majirani walinunua vipande, wengine wakasawazisha tuta, nyumba za stesheni zikawa makazi. Hata leo ukitandika tani 4,200 za chuma bure, hujapata pa kuziweka.

#11 Njia_Kijani

Ushahidi zaidi upo kwenye njia za baiskeli zinazopita juu ya reli za zamani.

Limerick: njia ya Rathkeale hadi Abbeyfeale ilibaki mali ya CIÉ, kwa hiyo kaunti ilizungumza na mwenye ardhi mmoja. Waterford hadi Dungarvan, km 46, ilifunguliwa 2017. Kwenda Achill, Mayo, reli ilifungwa 1937 na ardhi ikatawanyika, lakini wenye mashamba walikubali watu wapite kwa ridhaa yao bila kuuza. Imefanya kazi, ila ridhaa ni ridhaa.

Sasa nenda Kerry kusini, kwenye ile ya Valentia Harbour iliyofungwa 1960. Ardhi ilikuwa ya watu, baadhi wakakataa, ikabidi utwaaji wa lazima, kesi zikafika Mahakama Kuu. Hapo ni njia ya baiskeli tu, upana wa mita chache, haina swichi wala ishara.

Clare nao wana mpango wa njia ya baiskeli kwenye West Clare, na wanakutana na hesabu ileile ya kugonga mlango mmoja baada ya mwingine.

#12 Geji914

Sawa, kwenye ardhi nimekubali. Kwenye ujumbe wa kesho yake bado nina neno, ila nisirudie.

#13 Stesheni_Masta

Mbona Moyasta treni ilirudi kutembea?

#14 Kiberenge

Ni kipande kifupi cha makumbusho kilichotandikwa upya, kazi ya wapenzi wa reli. Kichwa cha mvuke Slieve Callan, kilichoundwa na Dübs wa Glasgow mwaka 1892, kilisimamishwa nje ya stesheni ya Ennis kama sanamu kwa miaka mingi, kikakarabatiwa Uingereza na kurudi Moyasta 2009. Angalia hoja ya mleta mada inavyojirudia: kimetandikwa pale ambapo ardhi ilipatikana.

Ukifika pwani ile kumbuka pia kwamba Quilty palikuwa na kipima upepo cha reli. Upepo ukivuka kiwango, mabehewa yanaongezewa uzito yasipinduliwe. Ukizidi zaidi, treni inasimama. Geji nyembamba, ubavu mpana, Atlantiki mlangoni.

#15 Kokoto

Mtaimbo, hayo mataruma laki moja yalikwenda wapi? Na kuna jamaa yupo huko anauliza kama yanafaa kujengea kingo za bustani ya mboga.

#16 Mtaimbo

Yaligawanywa kama kawaida. Unapita na nyundo ndogo unagonga karibu na reli ilipokaa, kwa sababu maji huingilia kwenye matundu ya misumari. Sauti ya mlio mkavu, zima. Sauti ya kufifia kama unagonga boga, limeoza ndani hata kama nje ni zuri. Mazima yanakwenda kwenye njia za pembeni kwingine, ya kati yanauzwa kwa wakulima kuwa nguzo za mageti na uzio, na ndiyo unayoyaona mashambani Ireland. Yaliyobaki kuni, enzi hizo.

Huyo wa bustani mwambie hapana. Mbao hizo zimeshindiliwa kreosoti, dawa nyeusi ya kuzuia mbao zisioze. Siku ya jua inatoka jasho jeusi linalochoma ngozi, na kanuni za Umoja wa Ulaya zinabana matumizi yake panapogusana na watu au chakula. Asizichome pia. Na akitaka kupasua moja kwa nguzo, apitishe kwanza sumaku kwenye matundu yote manne au zaidi. Shina la msumari lililokatikia ndani halionekani, na litakula meno ya msumeno kabla hajafika katikati.